Masega ya Gari: Mwongozo Kamili wa Kuyapima, Kuyabadili na Kupita Kipimo cha Moshi

Naona watu wanakwama palepale kila siku na masega, lile kopo la kusafisha moshi kwenye ekzosi (catalytic converter). Taa ya cheki injini inawaka, mashine inasoma P0420 (namba ya kosa la masega), fundi anasema "masega yamekufa hayo", mtu anatoa hela anafunga mengine, alafu haichukui muda taa hiyo imerudi na gari inanuka mayai viza kama mwanzo. Wengine wamechoka wakaamua kuyang'oa kabisa wakaweka bomba tupu, sasa gari inaunguruma mtaa mzima na siku ya kukaguliwa inarudishwa.

Nisikilizeni. Masega mara nyingi hayafi yenyewe, yanauliwa na kitu kilichoko mbele yake kwenye injini. Usipomshika muuaji utanunua masega mpaka uchoke. Ndo maana humu kazi ya kuyabadili yenyewe iko karibu na mwisho kabisa, na ukifuata hatua za mwanzo vizuri kuna uwezekano mkubwa hutafika huko.

Hapa naongelea gari za petroli tu, hizi IST, Vitz, Passo, Spacio, Noah, RAV4, X-Trail na wenzao zinazojaa Ngamiani na Chumbageni hapa Tanga. Wenye dizeli mambo yao ni mengine, msichanganye.

## Vifaa uwe navyo kabla hujaanza

- Kifaa kidogo cha OBD cha bluetooth (kinachomekwa kwenye gari kusoma kompyuta ya injini) na simu yenye programu ya kusoma data za injini. Kile cha bei chee kabisa kinakubali gari nyingi ila gari za soko la Japani za zamani kidogo zinakikataa, hapo nenda kwa fundi umeme mwenye mashine kubwa
- Spana ya sensa ya oksijeni (inayopima oksijeni kwenye moshi, moja iko mbele ya masega na nyingine nyuma yake), namba 22, ile yenye mwanya wa kupitisha waya. Baadhi ya Toyota sensa imefungwa kwa nati mbili, hizo spana ya kawaida inatosha
- Dawa ya kulegeza kutu, ile ya kupuliza
- Jeki PAMOJA na stendi za jeki, au shimo la gereji
- Nyundo ya mpira
- Geji ya presha ndogo, inayosoma kuanzia 0 mpaka 10 psi hivi, yenye kichwa kinachoingia kwenye tundu la sensa
- Tochi, glavu, miwani ya kukinga macho na barakoa
- Gasketi mpya za ekzosi, bolti na nati mpya. Usitegemee zile za zamani, zikishakula chumvi ya bahari zinakatika tu
- Daftari. Sio utani, andika kila namba unayoisoma

## Masega yanafanya nini, kwa ufupi

Ndani ya lile kopo la chuma chini ya gari kuna jiwe lenye matundu madogo madogo mengi, ndo jina lilipotokea. Matundu yamepakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu kidogo sana. Moshi ukipita hapo ukiwa wa moto, kaboni monoksaidi inageuka kaboni dayoksaidi, mafuta ambayo hayakuungua yanamaliziwa, na zile oksaidi za nitrojeni zinavunjwa zinarudi kuwa nitrojeni ya kawaida.

Mambo matatu ya kushika hapo. Moja, masega hayafanyi kazi yakiwa baridi, yanaanza kuamka kwenye nyuzi 250 mpaka 300 za sentigredi. Mbili, yanataka injini ichanganye hewa na petroli kwa kipimo cha karibu sana na 14.7 kwa 1, ikizidi petroli au ikizidi hewa yanashindwa upande mmoja. Tatu, yakipata petroli mbichi inaungulia humohumo ndani, joto linapanda kupita kiasi mpaka jiwe linayeyuka. Karibu kila hatua hapa chini inatokana na hayo matatu.

## Hatua ya 1: Soma gari kabla hujagusa kitu

Chomeka kifaa, soma namba zote za makosa na uziandike, hata zile unazoona hazihusiki. Usifute kitu bado. Watu wanafanya haraka kufuta ili waone kama itarudi, unakuwa umefuta na kumbukumbu ya hali ya injini pale kosa lilipotokea, yaani joto lilikuwa ngapi, spidi ngapi, na hiyo ndo dalili yenyewe.

Kama kuna P0300 mpaka P0308, hiyo ni injini inamisi, yaani kuna silinda haiunguzi petroli ipasavyo, anza nayo. Kama kuna P0171 gari inapata hewa nyingi, P0172 petroli imezidi, hizo zinafuata. P0128 maana yake injini haipati joto linalotakiwa. P0420 iwe ya mwisho kabisa kuishughulikia, na P0430 ni ileile ila ya upande wa pili, utaikuta kwenye injini za V6 kama za Mark X na baadhi ya Harrier.

Umefaulu hatua hii ukiwa na orodha kwenye daftari na unajua kipi kinatangulia. Kama kosa ni P0420 peke yake bila kingine chochote, bado usiruke, endelea tu na hatua ya 2.

## Hatua ya 2: Maliza misi kwanza

Silinda inayomisi inatupa petroli mbichi kwenye ekzosi na masega yanaungua. Taa ya cheki injini ikiwaka moja kwa moja unaweza kuendesha taratibu ukafika gereji, ila ikiwa INAPEPESA, toa mguu, simama pembeni. Kupepesa maana yake misi ni kubwa kiasi cha kuharibu masega sasa hivi ukiwa barabarani, na mtu anatoka Segera mpaka Tanga mjini na taa inapepesa njia nzima alafu anashangaa.

Toa plagi zote, ziangalie. Rangi ya kahawia nyepesi ni nzima. Nyeusi kavu kama masizi, petroli imezidi. Nyeusi ya mafutamafuta, injini inakula oili. Nyeupe kupitiliza, joto limezidi au hewa ni nyingi. Funga mpya za namba ileile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, sio ya "inafanana".

Koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, kuipima ni rahisi. Mashine ikisema P0301, chukua koili ya silinda ya 1 uihamishie silinda ya 2 na ya 2 iende ya 1, futa kosa, washa uendeshe kidogo. Kosa likihamia P0302 koili ndo mbovu. Likibaki P0301 angalia plagi, injekta, alafu kompresheni.

Onyo, na hili liwafikie mafundi wetu: ule mtindo wa kuchomoa koili moja moja injini ikiwa inaunguruma ili kusikia ipi haibadilishi mlio, acheni. Kila sekunde koili iko nje injekta inaendelea kumwaga petroli na yote inaenda kwenye masega. Kama huna njia nyingine chomoa plagi ya waya wa injekta ya silinda hiyo badala ya koili, silinda itazimika bila kumwaga mafuta. Pia gari ikigoma kuwaka usiisukume kwa muda mrefu, tafuta waya za kujampu.

Umefaulu gari ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, imetulia, haitetemeki, na ukipiga mashine hamna namba yoyote ya P03.

## Hatua ya 3: Temostati, hii ndo inayowaponza wengi huku kwetu

Naomba hapa mkae kidogo. Kuna imani kwamba kwakuwa Tanga joto basi gari haihitaji temostati (valvu inayozuia kulanti, yaani kimiminika cha kupoozea injini, isiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto), fundi anaitoa anatupa, anasema "sasa rejeta itapumua". Kweli gari haitachemsha kirahisi. Ila injini haifiki joto lake la kazi, au inachukua muda mrefu sana kufika, na kompyuta ya gari ikiona injini bado baridi inaongeza petroli kama vile ndo umeiwasha asubuhi. Inafanya hivyo kutwa nzima. Matokeo ni gari inakula wese, plagi nyeusi, moshi unanuka, masega yanajaa masizi na kipimo cha kaboni monoksaidi kinapanda juu. Mtu anabadilisha masega mara ya kwanza mara ya pili na temostati haipo miaka mitatu.

Kupima ni dakika chache. Washa gari ikiwa imelala usiku kucha, fungua programu kwenye simu uangalie joto la kulanti. Linatakiwa kupanda bila kusuasua mpaka nyuzi 80 na kitu hadi 90 na kitu hivi alafu litulie hapo, hata ukiwa unatembea. Likikaa 60 au 65 ukiwa barabara ya wazi na upepo wa Pongwe unapiga rejeta, temostati haipo au imeganda wazi. Nunua mpya, funga, weka kulanti ya kweli na sio maji ya bomba. Kama gari ilikuwa inachemsha ndo maana wakaitoa, basi tatizo ni rejeta imeziba, feni haizunguki au gasketi ya silinda hedi, na hilo litibiwe lenyewe.

## Hatua ya 4: Oili na kulanti zinazoingia kwenye moshi

Oili ina fosforasi. Ikiungua majivu yake yanafunika yale madini na hakuna dawa inayoyatoa. Kulanti nayo ina kemikali zinazofanya kazi hiyohiyo.

Jaza oili mpaka mstari wa juu, andika kilomita, kagua kila baada ya kilomita 1000. Injini ya 1ZZ-FE za mwanzo, zile zilizoko kwenye Spacio na RAV4 ya 1.8, zinajulikana kwa kunywa oili kwasababu ya ringi za pistoni, hiyo sio uchawi. Moshi wa bluu ukikanyaga mafuta baada ya kushuka mlima ni dalili ya sili za valvu. Kabla hujaambiwa ufungue injini angalia valvu ndogo ya PCV (inayopumulisha mvuke wa ndani ya injini), ni spea ya bei ndogo, ikiziba inasukuma oili ndani. Ichomoe uitikise, isipolia kachakacha ibadilishe.

Kulanti ikipungua bila kuvuja chini, na moshi mweupe wenye harufu ya utamuutamu hauishi hata gari ikishapata moto, gasketi ya hedi inavuja. Funga masega mapya juu ya hali hiyo na umeyatupa.

## Hatua ya 5: Petroli na hewa

Kwenye programu tafuta STFT na LTFT, hizo ni asilimia ambazo kompyuta inaongeza au kupunguza petroli ili kuweka sawa mchanganyiko. Zijumlishe injini ikiwa ya moto, gari ikiwa sailensa na tena ukishika RPM 2500 (mizunguko ya injini kwa dakika). Jumla ikiwa kati ya kutoa 10 na kujumlisha 10 uko salama.

Ikizidi kujumlisha 10, injini inavuta hewa mahali, au pampu ya petroli imechoka, au filta imeziba. Sikiliza mipira inayozunguka intake manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini), mingi imepasuka kwa joto. Ikishuka chini ya kutoa 10, injekta zinavuja au sensa ya ea flo (inayopima hewa inayoingia) inadanganya, au ndo yale mambo ya temostati. Sensa ya ea flo isafishwe kwa dawa yake tu, usiiguse na kitambaa, na ukiipulizia dawa ya kusafishia kabureta umeiua.

Kuhusu wese sitasema mengi, jazeni vituo vinavyoeleweka na mdai risiti. Petroli iliyochakachuliwa na mafuta ya taa haiungui vizuri, injini inagonga na moshi unapanda. Petroli ya vidumu vya pembeni ya barabara iacheni kwa dharura ya kweli.

## Hatua ya 6: Tafuta ekzosi inapovuja

Huku pwani chumvi inakula mabomba, na gari inayolala Raskazone au Sahare karibu na maji bomba lake linaoza mapema kuliko la gari ya Muheza. Tundu dogo kabla ya sensa linavuta hewa ya nje kila moshi unapopiga pigo, sensa inaona oksijeni nyingi inaiambia kompyuta "ongeza petroli", kompyuta inaongeza, masega yanateseka. Tundu likiwa kati ya masega na sensa ya nyuma linaweza kukupa P0420 ya uongo huku masega ni mazima kabisa!

Fanya hivi asubuhi gari ikiwa ya baridi. Mtu mmoja awashe, mwingine aweke kitambaa kinene kilicholowa kwenye mdomo wa bomba nyuma, akibane kidogo, sekunde chache tu. Presha inapanda na utasikia "chuf chuf chuf" pale panapovuja. Pitisha maji ya sabuni kwenye viungo, mapovu yatakuonyesha. Kuvuja kwa gasketi ni kubadili gasketi. Tundu la kutu lichomelewe bati jipya, ile gundi ya kupaka ya ekzosi inasaidia wiki mbili tatu ukipita mashimo inadondoka.

Angalia pia nyaya za sensa, panya wanazipenda.

## Hatua ya 7: Sasa pima masega yenyewe

Ukifika hapa injini ni nzima na masega hayana kisingizio. Futa makosa yote, endesha kawaida kwa wiki nzima. Kwa wengi taa hairudi tena na hadithi yao inaishia hapo. Ikirudi P0420, vipimo ni vinne, anza na rahisi.

Nyundo ya mpira. Gari iwe imepoa kabisa, ipandishe kwenye stendi, gonga kopo taratibu. Likilia kokoto ndani, jiwe limevunjika, hamna haja ya kupima zaidi.

Sensa ya nyuma. Injini ya moto, shika RPM 2500 dakika mbili tatu, angalia volti za sensa ya pili. Masega mazima yanaifanya ikae imetulia kwenye 0.6 au 0.7 hivi. Ikiwa inaruka juu chini haraka haraka kati ya 0.1 na 0.9, oksijeni inapita bila kushikwa, masega yamechoka. Msitumie sensa ya mbele kulinganisha kwa kila gari maana Toyota nyingi mbele zina sensa ya aina nyingine ambayo hairuki hivyo.

Presha. Hii ni ya gari iliyokosa nguvu, mlima inapanda kwa kunyonga, RPM haipandi hata ukanyage mpaka chini. Toa sensa ya mbele, funga geji kwenye tundu lake, washa. Sailensa isizidi psi 1.5 hivi, na RPM 2500 isizidi 3. Ikipita hapo kuna kuziba, iwe masega au lile kopo la nyuma la kupunguza kelele. Legeza kiungo kilichoko baada ya masega upime tena, presha ikibaki juu ni masega.

Joto. Ile bunduki ya kupimia joto, piga bomba linapoingia na linapotoka. Linapotoka likiwa la moto kuliko linapoingia ni dalili njema. Ila kwenye injini safi tofauti inakuwa ndogo sana, kwahiyo kipimo hiki peke yake kisikufanye utoe hukumu.

Onyo: kopo hilo likiwa kazini ni nyuzi 400 mpaka 800. Linaunguza ngozi papohapo, na ukipaki juu ya majani makavu au makumbi ya nazi gari inaweza kushika moto. Subiri saa nzima kabla ya kuweka mkono.

## Hatua ya 8: Unaamua nini

Kama yamejaa masizi tu kwa ajili ya petroli iliyozidi na muuaji umeshamshika, safari ndefu ya mwendo wa kueleweka inaweza kuyaunguza yakajisafisha. Kuyatoa na kuyaloweka kwenye maji ya sabuni kunasaidia mara chache kwa masizi, kwa majivu ya oili au jiwe lililoyeyuka unapoteza siku. Wale wanaomwaga thina kwenye tangi la mafuta mimi siwaelewi, inakula mipira ya pampu na injekta.

Kuyatoboa au kuweka bomba tupu: taa itawaka milele kwenye gari yenye sensa ya nyuma, harufu inaingia ndani ukiwa kwenye foleni, na mashine ya kupima moshi itakukamata sekunde ya kwanza. Zile nguvu wanazoahidi kwa injini ya 1NZ ya IST ni kelele zaidi kuliko mwendo.

Alafu kuna wanaouza kipande cha chuma cha kurudisha sensa ya nyuma nje ya moshi ili isome uongo. Kinazima taa, basi. Mpima moshi anaingiza bomba lake kwenye ekzosi yako, haangalii taa peke yake, na wewe umeshajipofusha, siku masega yakianza kuziba kweli hutapata onyo.

Yakiwa yamekufa kweli, badilisha.

## Hatua ya 9: Kuyabadili

Kununua kuna njia tatu. Ya gari yako yenyewe mapya, ghali ila unafunga unasahau. Yuzdi kutoka Japani au Dubai, hayo yapige tochi, uone mwanga upande wa pili kwenye matundu yote, na yasilie ukiyatikisa, ila kwa macho huwezi kujua madini yamebaki kiasi gani. Na ya kuchomelea yanayoingia gari yoyote, hapo hakikisha yameandikwa ukubwa wa injini unaolingana na wako, ya injini ya 1.3 ukiyaweka kwenye 2.4 hayatafikisha wiki nyingi. Muuzaji asiyejua idadi ya matundu kwa inchi ya mraba mwache, 400 ni za kawaida kwa gari ya mtaani, zile za 200 zimetengenezewa mbio na kipimo zinapita kwa taabu.

1. Pulizia dawa ya kutu kwenye bolti na sensa jioni, kazi ifanyike asubuhi.
2. Toa waya wa hasi wa betri. Gari ikae kwenye stendi nne, jeki peke yake haibebi maisha ya mtu.
3. Fungua sensa zote mbili kabla ya kukata au kuchomelea chochote. Zikigoma, rudisha waya wa betri, pasha injini moto dakika mbili, zima, toa waya tena, jaribu na glavu nene.
4. Toa kopo la zamani. Ukikata na grenda vaa barakoa, vumbi la lile jiwe sio la kuvuta.
5. Angalia mshale kwenye kopo jipya, unaelekea nyuma ya gari. Weka palepale lilipokuwa la zamani. Fundi akikusogezea nyuma ili apate nafasi nzuri ya kuchomelea kataa, likiwa mbali na injini halipati moto mapema.
6. Kama ni la kuchomelea, shika kwa nukta kwanza, lijaribu halijagusa bodi wala propela shafti, ndo umalizie mzunguko mzima. Waya wa hasi wa mashine ya kuchomelea ubanwe kwenye bomba lenyewe karibu na kazi.
7. Gasketi mpya, bolti mpya. Usipake silikoni ya gasketi kwenye ekzosi, mvuke wake unaua sensa.
8. Grisi ya kuzuia nyuzi zisigandane (anti-seize) iguse nyuzi za sensa tu, kichwa chake chenye matundu kisiguswe na kitu chochote. Kaza kwenye Nm 40 hadi 45, usining'inie.
9. Rudisha lile bati la kuzuia joto. Mafundi wanapenda kulitupa kwa sababu linalia, lenyewe ndo linalinda sakafu ya gari na zile nyaya.

Umefaulu ukiwasha na husikii chuf chuf yoyote, hamna harufu ndani ya gari, na mlio ni uleule wa zamani. Moshi kidogo wenye harufu ya rangi mara ya kwanza ni kawaida.

Kingine, masega ya zamani ni mali. Wanunuzi wanazunguka gereji kuyatafuta kwa ajili ya yale madini. Kwahiyo mwambie fundi mapema kwamba unaondoka nayo, na hata siku nyingine ukiacha gari gereji kwa kazi tofauti kabisa, ipige picha chini kabla na ukague unapoichukua.

## Hatua ya 10: Endesha ili kompyuta ijifunze

Ukishafuta makosa kompyuta inaanza upya kukagua mifumo yake na haimalizi kwa kuzunguka Mkwakwani na kurudi. Washa gari ya baridi, iache sailensa dakika mbili tatu, alafu shika barabara ya Muheza kwa mwendo wa 60 hadi 80 pale panaporuhusiwa bila kukanyaga na kuachia, uachie mguu ushuke taratibu bila breki mara kadhaa, urudi. Rudia siku nyingine. Programu yako itaonyesha ukaguzi wa masega umekamilika. Anayefuta kosa getini kabla ya kuingia kukaguliwa anajidanganya, Marekani kwa mfano, majimbo mengi yanayopima moshi wakikuta sehemu kubwa ya ukaguzi wa ndani haijakamilika wanakurudisha.

## Hatua ya 11: Siku ya kipimo

Sababu kubwa ya gari nzima kufeli ni kuingia ya baridi. Mtu anafika mapema, anazima, anakaa foleni saa nzima masega yamepoa, akiitwa anawasha anaingia. Usifanye hivyo. Endesha kwanza, toka mjini mpaka Pongwe na kurudi inatosha, na ukiwa unasubiri usizime muda mrefu. Kabla ya kuingizwa bomba shika RPM 2500 kwa dakika mbili.

Siku hiyo pia oili iwe mpya au karibu mpya, filta ya hewa safi, tangi lisiwe kwenye taa ya akiba, kiyoyozi kizimwe.

Kupata picha ya namba, Uingereza kwenye MOT yao (ukaguzi wao wa magari) gari ya petroli yenye masega ikishikwa RPM 2500 hadi 3000 inatakiwa kaboni monoksaidi isizidi asilimia 0.2, mafuta ambayo hayajaungua yasizidi 200 ppm (sehemu kwa milioni), na lamda, yaani kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli ambapo 1 ndo sawasawa, iwe kati ya 0.97 na 1.03. Gari iliyopita hatua zote hapo juu inakaa chini ya hapo bila jasho. Anayekupima akitumia viwango vingine ndo ufuate vyake.

Ukifeli, omba karatasi yenye namba, usikubali neno "imefeli" peke yake:

- Kaboni monoksaidi juu, lamda chini ya 1: petroli imezidi. Rudi hatua ya 3 na ya 5.
- Mafuta yasiyoungua juu, kaboni monoksaidi chini, oksijeni juu: inamisi au inavuta hewa. Hatua ya 2 na ya 5.
- Lamda juu sana na injini inatembea vizuri tu: ekzosi inavuja na mashine inavuta hewa ya nje. Hatua ya 6.
- Kaboni monoksaidi na mafuta yasiyoungua yamepanda yote ila lamda iko sawa kwenye 1: injini haina kosa, masega ndo hayafanyi kazi au hayajapata moto. Endesha nusu saa upime tena, namba zikibaki vilevile rudi hatua ya 7, na kama ndo kwanza umeyafunga mwambie aliyekuuzia arudishe hela.